Kila msasa hufuta alama za mwenzake

Meza ya kwanza niliyomtengenezea mteja peke yangu ilikuwa ya mninga, yenye urefu wa futi sita, na niliiharibu siku ya mwisho kwa karatasi mbili za msasa. Nilikuwa nimeipiga randa vizuri, nikaondoa alama za randa kwa msasa namba 60, kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia kuzama na duka la jirani lilikuwa limebakiwa na namba 240 tu, nikaruka moja kwa moja hadi hapo. Nilisugua mpaka mabega yakauma. Nilipopitisha kiganja juu ya meza nilihisi ulaini mtupu, nikapaka vanishi, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi uso wote wa meza ulikuwa na mistari mifupi isiyohesabika, mingine ikikata nyuzi za mbao kwa mshazari, na vanishi ilikuwa imeijaza na kuifanya ing'ae.

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi hakunigombeza. Aliwasha tochi, akailaza juu ya meza ili mwanga utambae sambamba na ubao, akaniambia niiname na kutazama kutoka upande wa pili. "Umelainisha vilele, mwanangu," alisema, "mabonde umeyaacha palepale." Ilinichukua siku mbili kuikwangua vanishi ile na kuanza upya, na tangu hapo nikiwa dukani siulizi tena msasa upi ni laini, bali najiuliza ni msasa upi unaoweza kufuta alama za ule uliotangulia. Naandika haya kwa ajili ya fundi kijana, na pia kwa mwenye nyumba anayetaka kuikarabati meza yake kwa mkono, kwa sababu nimeona kazi nyingi nzuri za randa na patasi zikiharibika katika hatua hii ambayo watu huifanya wakiwa tayari wamechoka.

Namba iliyochapwa mgongoni mwa karatasi inatokana na chekeche. Punje za kusagia huchekechwa, na namba hufuata wingi wa matundu ya chekeche katika urefu wa inchi moja: matundu yakiwa mengi, kila tundu huwa dogo, na punje inayopita huwa ndogo vilevile. Zile zilizo ndogo mno kwa chekeche hutenganishwa kwa kasi zinavyotuama majini. Kwa kipimo cha Ulaya, punje ya P60 ina wastani wa mikroni 269, yaani zaidi kidogo ya robo ya milimita. Ya P80 ni mikroni 201, ya P120 ni 125, ya P180 ni 82, na ya P240 ni 58.5. Ukizitazama namba hizo utaona nilichokifanya kwenye ile meza ya mninga. Punje ya 240 haikufikia hata robo ya punje ya 60 iliyochimba yale mabonde, na ili ifike chini kabisa ya kila mkwaruzo ilibidi niondoe mbao yote iliyokuwa katikati, kazi ambayo kwa mkono ingenichukua siku nzima na kumaliza karatasi nyingi kuliko nilizokuwa nazo.

Herufi P inayotangulia namba nayo si pambo. Inaonyesha kwamba karatasi imepimwa kwa kipimo cha Ulaya, na karatasi isiyo nayo huenda imepimwa kwa kile cha Marekani. Mpaka kwenye 220 hivi tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ndogo kiasi kwamba fundi wa mkono hana haja ya kuihofia, lakini baada ya hapo vinaachana sana: 320 ya Kimarekani iko karibu na P400, 400 yake iko karibu na P800, na 600 yake iko karibu na P1200. Nimewahi kumwona mwenzangu akitoka P320 kwenda 400 isiyo na P, akidhani amepiga hatua ndogo, kumbe ameruka ngazi kadhaa. Kwa hiyo geuza karatasi, soma mgongo wake, na ukiweza, baki na kipimo kimoja tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho.

Kwa kazi nyingi za mbao mimi huanzia P80, naenda P120, namalizia P180. Sianzii P60 ila pale ubao ulipotoka kwenye msumeno bila kupigwa randa, au pale ninapoondoa rangi nene. Na ubao uliopigwa randa yenye makali mazuri waweza kuanzia P120 bila wasiwasi wowote, maana randa kali huacha uso ambao P80 ingeuharibu tu. Ili kujua kama hatua moja imekamilika, chora mistari ya penseli juu ya uso wote, iwe hafifu, kisha sugua hadi mistari yote ipotee kwa pamoja. Pale ambapo penseli inabaki pana bonde. Baada ya hapo pangusa vumbi kabisa kabla ya kuchukua karatasi inayofuata, kwa sababu punje moja ya P80 iliyobaki mezani itaendelea kuchora mikwaruzo yake chini ya P180, nawe utahangaika kuitafuta ilikotoka.

Watu huniuliza kwa nini siendelei hadi 320 au 400 kabla ya vanishi. Jibu langu ni kwamba vanishi yenyewe ina unene, nayo huijaza mikwaruzo ya P180 iliyofuata nyuzi hadi jicho lisiione. Ukiisugua mbao zaidi ya hapo unaanza kuifunga, na vanishi au rangi ya mbao, ile inayopenya bila kuficha nyuzi, haipati pa kushika. Kwa rangi ya mafuta inayofunika kabisa, P150 inatosha. Kwa mbao itakayopakwa mafuta matupu naenda hadi P240, kwa kuwa mafuta hayajazi kitu. Mahali pekee ninapoongeza hatua bila kusita ni kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa na kubaki wazi kama midomo ya mirija, kwa sababu hapo rangi hunywewa sana na kutokea nyeusi kuliko upande. Ukikisugua kichwa cha ubao kwa P240 wakati uso umeishia P180, rangi hukaribiana.

Kuhusu punje zenyewe, rangi ya karatasi hutoa dalili, ingawa si hakika kila mara. Ile ya kahawia au nyekundu iliyo katika kila duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni oksidi ya alumini, punje ngumu na imara inayodumu, nayo ndiyo ninayoinunua kwa wingi. Nyeusi ya kusugulia na maji, ambayo wengi wetu tunaiita msasa wa maji, ni kabaidi ya silikoni, kitu kilichopatikana mwaka 1891 wakati Edward Acheson wa Marekani alipopasha kwa umeme mchanganyiko wa udongo na makaa. Punje yake ni kali na ngumu zaidi, lakini huvunjika upesi. Karatasi isiyolowa maji ilibuniwa na Francis Okie na kuanza kuuzwa na kampuni ya 3M mwaka 1921, na faida yake kubwa ilikuwa kupunguza vumbi kwa watu waliosugua rangi viwandani. Mimi siutumii msasa huo mweusi kwenye mbao mbichi ya rangi nyeupe, kwa kuwa chembe zake hunasa katika vitundu vya mbao na kuacha madoa ambayo hayatoki. Iko pia ganeti, punje ya asili yenye rangi ya machungwa, ambayo kwa mkono haivunjiki bali hujilegeza makali polepole, na karatasi yake iliyochakaa kidogo huacha mbao laini kuliko namba yake inavyosema. Ukiipata, itunze kwa hatua ya mwisho.

Jambo lingine ambalo halionekani upesi ni jinsi punje zilivyopandwa. Zipo karatasi ambazo punje zimefunika uso wote, na zipo ambazo zimeachiwa nafasi, zikifunika kati ya nusu na asilimia 70 hivi. Kwa mbao za paini tunazoletewa kutoka Sao Hill, Mufindi, zenye utomvu, nachagua zile zenye nafasi, maana zilizojaa huziba baada ya kusugua kidogo tu na kuanza kuteleza. Zile zenye unga mweupe juu yake zimepakwa sabuni kavu ya stearati inayozuia vumbi lisigande, nazo zimetengenezwa kwa ajili ya kusugua katikati ya tabaka za vanishi au laka. Kwa kazi hiyo P320 inatosha, kwa mkono mwepesi, ukisubiri kwanza tabaka likauke mpaka likisuguliwa litoe unga. Likitoa vijibonge, acha hadi kesho.

Dukani usione haya kuijaribu karatasi. Ikunje taratibu kwa nje: gundi mbaya hupasuka na punje hudondoka kama mchanga. Sugua vipande viwili uso kwa uso. Karatasi nzuri hulia na kukwaruzana, mbaya huachia punje mkononi. Huku pwani kuna tatizo la unyevu pia, hasa wakati wa masika, ambapo karatasi iliyokaa wiki kadhaa kwenye rafu iliyo wazi hujikunja kama jani kavu na gundi yake hulegea. Mimi naziweka zangu kati ya vipande viwili vya plaiwudi, juu ya rafu, mbali na sakafu ya saruji.

Karatasi nzima ina ukubwa wa milimita 230 kwa 280. Usiikate kwa mkasi, utaua mkasi. Ikunje, uilaze kwenye meno ya msumeno wa chuma au ukingo wa rula ya chuma, uivute ichanike. Robo yake hutosha kuzunguka kibao cha kushikia, na kibao hicho ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Vidole vina matuta na mashimo, na vikishika msasa peke yake hukandamiza mahali pamoja na kuachia pengine. Kwenye paini kosa hilo huonekana wazi: pete za mbao zina sehemu laini na sehemu ngumu, vidole huzichimba zile laini na kuziacha ngumu, na baada ya kupaka rangi uso huwa na mawimbi. Kwa uso ulionyooka natumia kibao cha mbao ngumu nilichokinyoosha kwa randa. Kwa uso wenye mviringo hafifu, kama mgongo wa kiti, nina kipande cha ndala kuukuu nilichokikata kwa kisu kikali na kukigundisha kwenye kibao. Mpira wake unabonyea kiasi tu cha kufuata mbao bila kuipoteza. Kwa miguu ya viti iliyokerezwa nachukua msasa wenye mgongo wa kitambaa, naukata ukanda mwembamba, nauvuta huku na huku kama mtu anayejisugua mgongo kwa taulo, kisha mwisho kabisa napitisha kipande kwa urefu ili kufuta mikwaruzo iliyozunguka.

Sugua kwa kufuata nyuzi. Najua kila mtu amelisikia hili, lakini si kila mtu anajua kwamba mkwaruzo unaokata nyuzi huonekana hata ukiwa mdogo mara kadhaa kuliko ule unaozifuata, kwa sababu jicho limezoea mstari wa mbao na chochote kinachoukata hukiona mara moja. Tena usibonyeze sana. Msasa mpya hukata kwa uzito wa mkono tu, na ukihisi unalazimika kubonyeza, ujue umekwisha, na kuendelea nao ni kuing'arisha mbao badala ya kuikata. Wenzangu wengi hubana matumizi hapa, wakitumia karatasi moja kutwa nzima. Nawaelewa, lakini saa mbili za fundi zina thamani kuliko robo ya karatasi.

Kabla ya hatua ya mwisho napitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya uso wote na kuuacha ukauke. Nyuzi zilizolala husimama, mbao huwa na manyoya unayoyahisi ukipitisha kiganja, nami nayakata kwa P180 mpya kwa mipito michache mepesi. Asiyefanya hivi atayaona manyoya hayo baada ya tabaka la kwanza la vanishi ya maji, na wakati huo yatakuwa yameganda.

Kila mbao ina tabia zake. Mvule huwa na mawe ndani yake, madonge meupe ya chokaa yanayoweza kuvunja makali ya randa, na ukikutana na donge la namna hiyo msasa hauondoi kitu. Litoe kwa patasi kuukuu, ujaze pengo, uendelee. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ndiyo mbao pekee ninayoipeleka mbali kwa namba, kutoka P240 hadi P400, P600 na zaidi, kwa sababu wachongaji wengi hawaupaki vanishi kabisa. Mng'ao wake wote unatokana na msasa, kisha nta au dawa ya viatu. Ukiwa umeunganisha mpingo na mbao nyeupe katika kazi moja, ondoa vumbi baada ya kila mipito michache, la sivyo unga mweusi utaingia katika vitundu vya ile nyeupe.

Nalo vumbi lenyewe nalitaja kwa uzito. Vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na kuwaletea baadhi ya watu pumu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi penye upepo, vaa barakoa inayobana vizuri puani, na usifukuze vumbi kwa kupuliza, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi ya zamani kwenye madirisha na milango usiisugue kavu hata kidogo, kwa kuwa rangi nyingi za mafuta za miaka hiyo zilitiwa madini ya risasi. Tumia msasa wa maji, kusanya tope lake kwenye gazeti, na waweke watoto mbali.

Nimebakisha msasa wenyewe, yaani ule uliotuachia jina. Kabla ya karatasi kufika kwetu palikuwa na mti uitwao msasa, ndugu wa mkuyu na mfenesi, na hata mvule umo katika ukoo huohuo. Majani yake yana vinywele vifupi vigumu pande zote mbili, na yalitumika kulainisha mbao na kusugulia vyungu. Kiwanda cha John Oakey cha karatasi ya vioo, yaani msasa wa punje za vioo vilivyosagwa, kilianza London mwaka 1833, na mwaka uliofuata Isaac Fisher akapata hataza zake za karatasi ya msasa Marekani. Kiswahili kilipoipokea bidhaa hiyo hakikuhitaji neno jipya, kiliipa jina la jani. Leo hata semina ya walimu husemwa kuwa imewapiga msasa.

Nakubali kwamba kwa meza jani haliwezi kushindana na karatasi. Lakini liko jambo moja ambalo bado nalitumia kwalo, nalo ni nakshi. Milango ya kuchonga kama ile ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja ina uzuri wake katika makali ya patasi, ile kingo kali kati ya ua na bonde lake inayoshika kivuli, na karatasi ya msasa huimeza kingo hiyo kwa dakika chache. Nimeona milango mizuri iliyokarabatiwa kwa juhudi kubwa ikageuka kuwa kama sabuni iliyotumika. Kwa hiyo nakshi siipigi karatasi, naimaliza kwa patasi yenye makali. Pale ambapo pamebaki manyoya ndani ya mfereji, nachukua jani la msasa lililokauka kivulini, nalilowesha kidogo lisivunjike, nalikunja kwa kufuata mshipa wake wa kati ili lipate ukingo, kisha nalipitisha ndani ya mfereji mara tatu au nne kwa ncha ya kidole. Jani linakata manyoya na kuacha kingo. Likichakaa nalitupa kwenye maranda na kuchukua jingine, na kwa kizingiti kimoja cha mlango majani ishirini hunitosha.